Kastabini Katika Koti la Bwana Hodi

Mwaka ambao Fundi alitimiza miaka ishirini, mvua zilinyesha mfululizo hata watu wakasahau rangi ya vumbi. Katika karakana ya ushonaji ya Mzee Rula, vijana wanne walikaa kwenye benchi moja, magoti yakigusana, wakishona kwa mkono kila sehemu ambayo mzee hakuiaminia cherehani. Mzee Rula alipata jina hilo kwa sababu ya rula ya mbao aliyoichomeka daima nyuma ya ukosi wa shati lake. Mara chache alipimia nguo. Mara nyingi alipimia vidole vya vijana wake.

Siku ya kwanza ya kazi, kila kijana alipewa kastabini, yaani kile kikofia cha chuma ambacho mshonaji hukivaa kidoleni ili sindano isimtoboe. Kila mmoja aliitia yake alama kwa tupa. Fundi aliikata yake mikato miwili ukingoni. Na sheria ya Mzee Rula ilikuwa moja: mwenye kupoteza kastabini yake atashona kwa kidole kitupu mpaka mwaka uishe, wala asiazimwe na mwenzake.

Katika mvua hizo likaja koti la mchekeshaji. Alikuwa mtu mwembamba, ndiyo kwanza ameanza kusikika katika kumbi za mitaani, naye alitaka koti refu jeusi lipite magoti, ili aonekane ameliazima kwa kaka mkubwa asiye na huruma. Fundi alipewa upindo wa chini. Kitambaa kilikuwa kizito kama gunia. Alipofika pembeni, mahali panapohitaji vidole vyote kukunja, aliivua kastabini akaiweka ndani ya mkunjo, kwa dakika moja tu. Papo hapo Mzee Rula akapaza sauti, "Mteja amefika! Koti liko wapi?" Kijana akashikwa na kiwewe, akaufunga upindo kwa mishono ya haraka, akakata uzi, akalitoa koti.

Jioni hiyo aliitafuta kastabini yake chini ya benchi, ndani ya viatu, hata ndani ya kikombe cha chai cha Mzee Rula. Hakuiona. Aliyaelewa mambo siku ya Jumamosi.

Vijana wa karakana walikwenda kumtazama mteja wao, wakasimama nyuma kabisa ya ukumbi. Mchekeshaji alisimulia vichekesho vitatu, na watu wakamtazama kwa adabu kama wanavyotazamwa wagonjwa. Akakata tamaa, akajibwaga kwenye kiti cha mbao. Mkia wa koti ukagonga mguu wa kiti: ko! Mtu yule akashtuka, akageukia mlango, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Karibu!"

Ukumbi ulilipuka. Akainuka, akaketi tena. Ko! "Jamani, pita, hapajafungwa!" Watu wakashikana mabega wasianguke. Tangu siku hiyo akaitwa Bwana Hodi, na kwa miaka thelathini hakuna aliyemchoka. Katika ukumbi mzima usiku ule, Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa akikishikilia kidole chake cha kati.

Hakumwambia mtu. Alishona kwa kidole kitupu mpaka Desemba, na hata Mzee Rula alipofariki dunia, rula yake imelazwa kifuani, bado Fundi alikuwa kimya. Siku moja tu alijitia ujasiri, akaenda nyuma ya ukumbi kumweleza mwenye koti. Akabisha mlango. Kutoka ndani sauti ikajibu, "Karibu!" na watu wote waliokuwamo wakaangua kicheko. Fundi akaona haya, akarudi nyumbani.

Mtu wa kwanza aliyemfungulia moyo ni mkewe, mwezi wa tatu wa ndoa yao. Mama Pacha, kama alivyoitwa baadaye, alicheka mpaka akalala chini.

"Mume wangu," alisema akifuta machozi, "mjomba wangu naye husema yeye ndiye aliyeuchimba mto. Mtakaa vizuri pamoja."

Kwa bahati mbaya aliwasimulia kaka zake. Kuanzia hapo, Fundi hakuweza kukaa na mashemeji zake kwa amani. Kijiko kikianguka: "Shemeji, kastabini yako hiyo!" Mlango ukigongwa: "Shemeji, fungua, mali yako imerudi!" Alikuwa mtu mkweli, aliyewaambia wateja wake wazi kwamba wamenenepa, na uongo mmoja asiousema ndio uliomfuata ndani ya familia kwa miaka thelathini na minane. Macho yalipoanza kupungua nuru na sindano zikaanza kumkimbia, jambo moja tu lilimsumbua: kwamba mkewe atamzika huku akitabasamu.

Bwana Hodi mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Ndipo redio ikatangaza kwamba binti yake amefungua duka la kumbukumbu za baba yake, na kwamba koti lenyewe limewekwa humo ndani ya kabati la kioo.

"Vaa viatu," Fundi alimwambia mkewe.

"Twende wapi, Baba Pacha?"

"Kwenye ushahidi."

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, na kila kilichomo kilikuwa na uso wa Bwana Hodi. Alikuwa kwenye vikombe, kofia, miavuli, sahani na leso. Hata zulia la mlangoni lilikuwa na sura yake, nao wateja waliokuwa na heshima waliliruka. Fundi alichukua fulana, akaigeuza ndani nje, akausogeza mshono karibu na pua.

"Aliyeshona hii," alisema, "alikuwa anakimbia mvua."

"Umekuja kununua au kukagua?" mkewe alimnong'oneza. Kwa kuwa miguu ilimuuma, akaketi kwenye kiti cha mbao kilichokuwa karibu. Ko! Sauti ya marehemu iliyorekodiwa ikatoka chini yake: "Karibu!"

"Ahsante, baba, nimeshakaa," akajibu Mama Pacha, kisha akaruka kama aliyekalia moto. Wateja wawili walilazimika kushikilia meza.

Kabati la kioo lilikuwa mwisho wa chumba. Fundi alilitambua koti lile kabla hajavaa miwani. Kando ya kabati palibandikwa maandishi makubwa, na Mama Pacha akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa raha isiyo kifani.

"'Siri ya Bwana Hodi. Ndani ya mkia wa koti hili kimeshonwa kigogo cha mpingo, ubunifu wake mwenyewe.' Umesikia, Baba Pacha? Kigogo! Cha mpingo!"

"Si kweli."

"Imeandikwa."

"Hata mimi naweza kuandika."

"Miaka yote hii nimekulisha, kumbe ninalisha kigogo."

Binti wa marehemu, mwanamke wa makamo mwenye macho ya baba yake, alisogea kuona kulikoni. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, binti yangu," alisema Fundi. "Tatizo ni upindo. Tazama pembe ile ya kushoto. Uzi umeoza, mishono minne imefumuka, na kitambaa kinalemewa. Haitafika wiki mbili, kilichomo kitaanguka, nawe utaamka ukute siri yenu iko sakafuni."

Binti aliinama, akatazama, akainuka taratibu. Alitupa jicho kwa wateja, kisha akashusha sauti.

"Mzee, nitakwambia jambo. Hicho kigogo tulikibuni sisi. Watu hawapendi kuambiwa kwamba hatujui. Baba mwenyewe hakujua kilichomo. Alisema mna mgeni humo, na ndiye aliyemtoa kwenye njaa. Alituapisha, mtu yeyote asilichane koti lile, mgeni asije akatolewa."

"Simtoi," alisema Fundi. "Nataka kumfungia mlango. Mimi ni mshonaji. Upindo huo niliushona mimi, na niliushona vibaya."

Mama Pacha alifumba macho kwa aibu. "Msamehe, mwanangu. Nyumbani ni mtu mzuri."

Lakini binti alikuwa ameiona hatari ya mishono minne. Akafungua kabati, akalilaza koti juu ya meza. Fundi hakugusa chochote kwanza. Alimwonyesha mkewe mwisho wa upindo: mafundo matatu, moja juu ya jingine.

Mama Pacha akainama karibu. Alikuwa amevaa nguo zenye mafundo hayo tangu ujana wake, na alikuwa amewafunika nazo watoto wake wawili. "Mafundo haya hufunga wengi," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ile.

"Papasa mwenyewe."

Akapeleka mkono pale palipofumuka, akaingiza kidole kwa uangalifu. Uso wake ukabadilika. Akajaribu kukitoa kidole, kikatoka, nacho kimevaa kofia ya chuma.

Binti aliweka mikono kichwani. "Mgeni ametoka!"

"Samahani, mwanangu, namrudisha sasa hivi!" Mama Pacha alivuta. Kastabini haikutoka. Akavuta tena, uso umemwiva. "Baba Pacha, imening'ang'ania!"

"Hata mimi ilinizoea," alisema Fundi.

Zililetwa sabuni na maji. Wateja walizunguka meza, kila mmoja na shauri lake. Mmoja alipendekeza mafuta, mwingine akapendekeza mama yule awekwe ndani ya kabati. Na wakati binti alipokuwa akipaka sabuni, Mama Pacha alikisogeza kidole chake penye mwanga. Ukingoni mwa ile kastabini nyeusi, palipoliwa na kutu kidogo, ilikuwapo mikato miwili.

Mama Pacha akaihesabu kwa ukucha.

"Ulisema miwili," alisema.

"Miwili."

"Mwezi wa tatu wa ndoa ulisema miwili, na mimi nikalala chini kwa kicheko." Kastabini ikateleza, ikaangukia kiganja chake. "Kwa nini hukunipigia kelele, mume wangu? Miaka yote hiyo, hata siku moja!"

"Ulikuwa unacheka vizuri," alisema Fundi.

Binti wa Bwana Hodi alikausha sabuni na machozi yake kwa leso yenye uso wa baba yake, bila kujua anafuta kipi. Kisha akasema kilichostahili kusemwa. "Mzee, hii ni yako. Baba aliwakataza watu kumtoa mgeni, lakini hakujua kwamba mgeni ana mwenyewe. Ukitaka, ondoka nayo."

Fundi aliipokea, akakivalisha kidole chake cha kati. Kidole kilikuwa kimenenepa, ikaishia kwenye kucha. Alifikiri juu ya mashemeji zake, meza ndefu, vijiko, na sura zao akiiweka mbele yao bila neno. Lilikuwa wazo tamu sana. Akamgeukia mkewe.

"Wewe unasemaje?"

"Irudishe," alisema Mama Pacha. "Bwana Hodi ni mtu wa watu, tusimvue siri yake. Kaka zangu niachie mimi. Nitaanza na yule mkubwa, na siku hiyo kijiko kisianguke."

Fundi aliomba sindano, uzi mweusi na kiti kisichosema. Mkewe alimtungia uzi, kwa kuwa macho yake yalikwisha kukataa kazi hiyo. Aliiweka kastabini ndani ya mkunjo, mahali ilipokuwa, akaushona upindo kwa kidole kitupu, akajichoma mara mbili, wala hakulalamika. Mishono ilikuwa kumi na saba. Alifunga mafundo matatu, akakata uzi kwa meno. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wake inayojulikana.