Kufuli Jekundu la Bwana Burdet

Kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita, Anselme Burdet alishuka mita tisini chini ya ardhi akiwa na chupa ya kahawa, kipande cha jibini ndani ya kitambaa, na kufuli jekundu lenye jina lake. Huko chini, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, limekaa dude refu kama nyumba ya ghorofa saba, lililojengwa na wasomi elfu tatu ili waone chembe ambazo hata vumbi ni jitu mbele yake. Wasomi hao wanajua dunia ilivyoanza. Umeme wao unatoka wapi, hawajui. Ulitoka kwa Burdet.

Alikuwa na masanduku ya umeme mia nne, yamepangwa kabatini, yakipozwa kwa maji. Umeme na maji hawapatani tangu Mungu aumbe, ila yeye aliwaoza wakae nyumba moja, na ugomvi wao akauamua mwenyewe. Ndani ya mlango wa kabati la kwanza alibandika picha ya Mtakatifu Barbara, mwombezi wa watu wa mashimoni. Huyo ndiye aliyesalimiwa kwanza.

Jumatano moja, dude likingoja kuwashwa baada ya mapumziko ya baridi, alipitisha kiganja chini ya mipira ya maji, kama mama apapasavyo nepi. Kwenye kabati la kumi na moja, kidole kikalowa. Akazima swichi kuu, akapachika kufuli lake. Sheria ya shimoni ni fupi: kufuli la mtu hulifungua mwenyewe, maana mkono ulio ndani ya kabati huenda ni wake. Hata mkurugenzi haligusi.

Profesa Vuarnoz, mkubwa wa dude, akashuka mbio, tai ya shingoni imerukia begani.

"Mzee Burdet, toa kufuli! Waziri anakuja saa nane kubonyeza kitufe."

"Mpira unavuja, Profesa. Tukiwasha sasa masanduku yataungua, na mwaka mzima utatazama giza."

"Tone moja tu!"

"Hata Gharika ilianza na tone."

"Kamati ya Maji ilishakagua! Ripoti ina kurasa sitini!"

"Basi zilete tuzibie."

Odile Perrollaz, mama wa chumba cha mitambo aliyekuwa amemletea Burdet mpira mpya, akageuka ukutani kuficha kicheko. Profesa hakucheka.

"Umebakiza miezi mitatu ustaafu. Usipotoa hilo kufuli, utaondoka kwa barua, si kwa karamu."

Hapo Burdet alichomwa. Kijijini kwao, mtu aliyeacha kazi bila wenzake kumwinulia glasi ni kama aliyezikwa bila kengele. Mkewe Ghislaine alikwisha chagua hata gauni. Akatazama picha ya Barbara, midomo ikicheza kidogo.

"Kufuli linabaki," akasema.

"Samahani, Profesa," Odile akauliza kwa upole, "hivi kitufe cha waziri kimeunganishwa na nini?"

Profesa akakohoa. Kitufe kilitengenezwa na seremala. Kiliwasha taa ya kijani tu, basi.

"Si abonyeze tu, basi!" Odile akasema.

Saa nane waziri akabonyeza. Taa ikawaka, makofi yakapigwa, mvinyo mweupe ukamiminwa. Chini, Burdet alikuwa amelala chali, akibadilisha mpira.

Saa tisa vijana wa Profesa wakatazama vioo vya kompyuta zao. Kila mwaka dude likiwashwa hutoa kelele zake za umeme, mikwaruzo inayochafua vipimo. Leo, sifuri! Profesa akasahau kufuli, akasahau tone, akajishika kichwa.

"Halijapata kutulia hivi tangu lijengwe!"

Akaandika barua kwa wasomi wa nchi arobaini, akitaja siku na saa ya utulivu huo. Waziri naye akapongezwa, kwa kidole chake.

Odile akapiga simu chini. "Burdet, umewasha?"

"Bado. Nakaza kibano cha mwisho. Kuna nini?"

"Wanasherehekea."

"Wanasherehekea nini?"

"Umeme wako ambao haupo."

Burdet akapitisha kiganja. Pakavu. Akatoa kufuli, akawasha, akajifanyia ishara ya msalaba. Juu, kelele zikarudi kama miaka yote, na Profesa akashuka tena mbio.

"Umefanya nini wewe? Tulikuwa na utulivu mtupu!"

"Nimewasha, Profesa."

"Umewasha... sasa hivi?"

"Sasa hivi. Maiti naye ametulia, lakini hatumpongezi."

Ile barua ya kumfukuza Burdet ingelazimu kutaja kufuli lilitolewa saa ngapi, na nchi arobaini zinajua kusoma saa. Haikuandikwa.

Miezi mitatu baadaye karamu ikafanyika, Ghislaine akavaa gauni lake. Profesa mwenyewe aliinua glasi, akamsifu Burdet kwa kazi ya kimyakimya. Tangu wiki ile ya kitufe imeundwa Kamati ya Utulivu, kuchunguza ule utulivu wa Jumatano ulikwenda wapi. Wajumbe ni kumi na wanane. Burdet hajaitwa.