Wifi kamfukiza mume wangu na homa yake

Leo nimemfokea wifi yangu mbele ya zahanati nzima!

Mume wangu ana homa tangu jana. Narudi nyumbani hapa Kitaji kutoka sokoni, namkuta kafunikwa mablanketi mawili, kainamia sufuria ya mwarobaini inayofuka mvuke.

Wifi kakaa pembeni: "Asitoke mpaka jasho limtoke vizuri."

Nafunua. Mtu mzima kalegea kama mlenda!

Tukamkimbiza zahanati. Malaria. Nesi akatuuliza, "Anaungua hivi, halafu mnampika?"

Hapo ndipo nikamgeukia wifi, nikamwaga yote. Wifi akafungua simu, akanionyesha:

"Si uliandikaga mwenyewe?"

Chapisho langu la kipindi kile cha mafua: HOMA YOYOTE, JIFUKIZE TU.

Nimelifuta sasa hivi.

Na wewe uliyelisambaza, unasubiri nini?