Nusu za Karatasi za Depo

Karani wa depo ya mafuta hapa Kisangani alitakiwa kuchoma karatasi za zamani za mauzo zenye majina ya wateja, lakini hakuzichoma hata siku moja. Alizinyoosha kwa kiganja, akazikata katikati kwa rula, polepole kama fundi wa nguo za harusi, kisha akatuletea sisi wauza karanga.

“Nusu haisomeki, Mama Falonne,” aliniambia kwa sauti yake laini ya kanisani. “Tena karatasi nzuri hivi utachoma? Bon, fungia karanga.” Mimi sikusoma shule. Nilimwamini, nikazikunja.

Kisha wanajeshi wakaanza kuwasaka watu waliowavusha maadui wao mtoni. Mmoja alimaliza karanga zangu, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti: “Ambroise, mafuta ya mtumbwi, Lubunga.” Ni mume wangu, mwenye mtumbwi wa kuvukia Lubunga, ng’ambo ya mto. Walimchukua kabla ya adhuhuri, na mpaka leo sijaonyeshwa hata kaburi.

Karani alikuja mbio sokoni, akamwaga karanga zangu chini, akikunjua karatasi moja moja. Nilidhani ananihurumia.

“Papa, jina la Ambroise walishasoma,” nilimwambia.

Hakuinua macho. “Natafuta zenye sahihi yangu, mama.”