Alama Ishirini za Ulimi

Saa mbili asubuhi, Nyasuguta Maroa anachomeka karatasi ya stensili kwenye taipu na kuanza kugonga fomu ya waamuzi wa mdahalo. Hoja, alama hamsini. Ushahidi, thelathini. Akifika mstari wa mwisho anashusha pumzi. Matamshi, ishirini.

"Mwaka wa tano huu naupiga mstari huu," asema mpiga chapa huyu wa chuo kimoja cha ualimu mjini Homa Bay. "Nimechoka nao, jamani."

Ana haki ya kuchoka. Mwaka 1990, akisomea uhazili mjini Migori, binti huyu Mkuria wa Kegonga alisimama kwenye mdahalo ukumbini kuwatetea watoto "wanaorara njaa". Lo! Watu walivunjika mbavu. Kikuria hakina L, na ulimi ukishakomaa haukunjiki. Matamshi akapewa alama mbili, akashindwa kwa alama tatu. Mpaka leo wapo wanaomwita Rara.

Waliomcheka, wengi wao Wajaluo, nao hawakupona. Walipokwenda kushindana mbali wakasema "sule" badala ya shule, walirudi mikono mitupu. Hujafa hujaumbika.

Kwa mshahara wa shilingi 3,800, Nyasuguta huwanoa wanamdahalo wa chuo kila Jumatano bila malipo. Amemwandikia mwenyekiti wa mashindano, Bwana Omanga, barua tatu akiomba alama za matamshi zifutwe. Jibu lilikuja kwa mdomo wiki jana: "Mama, fomu ni fomu. Wewe piga chapa tu."

Jumamosi hii mwanafunzi wake Trizah Bichage, Mkuria mwenzake, atasimama Migori. Akishinda ataongoza timu ya chuo, na hakuna Mkuria aliyewahi. Mada inasema mwanafunzi mwenye njaa asiadhibiwe kwa kuchelewa. Wiki mbili nzima wamekuwa wakikwepa maneno yenye L. Kulala wakaweka kusinzia, elimu wakaweka masomo. Wakakwama kwenye kula.

"Madam, nitaongeaje juu ya njaa bira kusema chakura?" Trizah akauliza huku akikunja hotuba yake. "Afadhari nikae tu."

Maneno hayo yalimkata maini mwalimu wake. "Kumbe nilikuwa namfundisha kujificha," asema.

Stensili imekamilika. Matamshi, ishirini, kama alivyoagizwa. Kazi ni kazi, na ana watoto watatu. Lakini kando ya taipu ipo hotuba ya Trizah, imepigwa upya, na kila L imerudi mahali pake.

"Nimemwambia aseme vile anavyosema na mama yake nyumbani. Wakicheka, awangoje wamalize, kisha aendelee. Mimi nilicheka nao, nikakaa chini. Yeye asikae."