Vumbi Aliloliita Baraka

Vumbi lilipoanza kutua kijijini kwetu, mama hakuliogopa. Alilipokea. Kwetu kando ya ziwa, pemba ni udongo mweupe ambao wazee hupaka kwenye paji la uso wanapoomba baraka za bankambo, mababu zetu. Asubuhi ile mama alipotoka nje na kukuta majani ya mihogo, mitumbwi na migongo ya mbuzi, vyote vyeupe, alipiga magoti uani. Akachovya kidole, akajipaka, kisha akanipaka na mimi niliyekuwa nimetoka mjini Kalemie kuja kumsalimia.

"Bankambo wametukumbuka," alisema.

Mimi niliona bomba la kiwanda cha simenti nyuma ya kilima, likitoa moshi bila haraka. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, wenyeji wakaanza kukohoa.

Kila niliporudi, kijiji kilikuwa kimya zaidi. Nyuki wa jirani walihama mizinga. Watu walipita njiani bila kishindo, nyayo zao zikizama kwenye ule unga, kope zao nyeupe, hata mtu niliyemjua tangu utotoni aliponisalimia nilisita kuitikia. Mama alifagia. Alifagia alfajiri, akafagia mchana, akisimama kushika kifua, na pumzi yake ilitoa mluzi mwembamba. Nilimsihi aje kukaa kwangu, apate hewa. Nilimkasirikia, nikamwita kichwa ngumu mbele ya majirani.

"Nikienda, nani atafagia?" alinijibu. "Na dagaa wangu, nitawaanika kwenye kitanda yako?"

Mvua ndiyo iliyomshinda. Mama alikuwa akianika dagaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba, na maisha yake yote alitegemea bati limwambie: tone la kwanza likilia tu juu ya paa, anakimbia kuanua. Siku ile tulikuwa ndani tunakula bukari, mlango na madirisha tumefunga kwa ajili ya vumbi, na bati halikusema kitu. Gamba la vumbi lililoganda juu yake lilikuwa limeziba sauti. Tulipofungua mlango, mvua ilikuwa inanyesha kimya kimya, na uani maji yalishajaa.

Kesho yake jua liliporudi, dagaa walikuwa wameshikana na mkeka, bamba moja gumu la kijivu, na macho madogo yamejaa ndani yake, yote yakitutazama. Mama aligonga kwa kidole, likalia kama ukuta.

"Hii hapana pemba," alisema polepole. Akajifuta paji la uso kwa kitenge, akaenda kufunga mizigo. Tulipanda boti siku hiyo hiyo.

Kalemie, munganga wa hospitali aliinua picha ya kifua cha mama dirishani, kwenye mwanga. Niliona mbavu, na katikati ya mbavu madoa meupe, mengi, yametua kama yalivyotua kwenye majani ya mihogo. Nilielewa kabla munganga hajafungua kinywa, nikaogopa kumtazama mama. Yeye aliitazama ile picha kwa muda mrefu, mluzi ukipanda na kushuka kifuani.

"Munganga," aliuliza, "na kule ndani, watafagia namna gani?"