Homa ya Wiki za Giza

Ndagala, dagaa wa ziwani, hufuata taa. Mwezi ukiwaka hutawanyika, na wavuvi hurudi nyumbani. Mwezi ukififia na wiki za giza zikaingia, wavuvi hurudi kwenye kambi zao za uvuvi. Ndiyo maana katika mtaa wa Waislamu wa Rumonge wanaume wengi walionekana wiki moja tu kwa mwezi, na mambo makubwa ya nyumba yaliingojea wiki hiyo. Kumtoa mtoto mgonjwa na kumpeleka dispansere kutibiwa lilikuwa jambo kubwa. Mwanamke hakuliamua peke yake.

Mwanahamisi alimzika Asmani, mtoto wake wa kwanza, mwaka wa Uhuru, majuma machache kabla ya bendera kupandishwa. Mtoto aliharisha siku nne. Mumewe, Uledi, alikuwa kambini mbali, kusini ya Nyanza-Lac, na mamamkwe, Batuli, alisema wamngoje. Uledi alirudi mwezi umejaa, akaonyeshwa kaburi. Hakuna aliyelaumiwa. Mtaa ukaendelea kumwita Mwanahamisi Mama Asmani.

Miaka mitatu baadaye Chausiku, binti wa miezi minane, alipata homa, wiki za giza zikiwa zimeanza tu na Uledi yuko kambini. Siku ya pili akakataa titi.

"Mama, nampeleka dispansere," Mwanahamisi alisema.

Batuli alikuwa anapepeta mchele. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Nipe wewe."

"Mimi nitoe ruhusa ya mutoto wa mutu? Akikufia njiani, Uledi nitamuambia nini?"

"Na akifia hapa?"

"Akifia hapa amefia kwao." Batuli akapuliza pumba. "Ngojea bwana yako, bibi daktari. Wenzako wote wanangojea."

Mtoto hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililomtisha Mwanahamisi. Akamfunga mgongoni, akatoka mchana kweupe, akapita mbele ya baraza zote. Hakuna aliyemwamkia.

Muuguzi, Pascasie, Mkristo mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, alimchoma mtoto sindano asubuhi na jioni, mama na mtoto wakilala hapo hapo. Siku ya nne Chausiku alishika titi, akanyonya mpaka akapaliwa. Hapo ndipo mama yake alipolia.

Nyumbani alikuta chungu chake kimetolewa jikoni na kuwekwa nje. Batuli hakumsemesha tena, na Uledi aliporudi, mama yake ndiye aliyesimulia kwanza.

"Umenivua nguo mbele ya mutaa," alimwambia mkewe.

"Baba Asmani, mutoto iko muzima."

"Naona iko muzima. Sijakuuliza mutoto."

Alikaa siku mbili, akaondoka. Mwezi uliofuata hakuja, wala uliofuata huo. Habari zikafika kwamba ameoa huko huko kambini. Batuli naye akahamia kwa mwanawe mwingine.

Mwanahamisi akabaki na vyumba viwili. Sasa aliamua kila kitu, kuanzia mawese ya kuuza hadi siku ya kuezeka. Hakuwa amejua kwamba kuamua kuna ukimya kiasi hicho. Siku moja uani Chausiku alipiga hatua zake tatu za kwanza. Mama akageuka kumwita mtu aje aone. Hapakuwa na mtu.

Mtoto alipoanza kukohoa, Mwanahamisi alifunga mlango, wakaenda dispansere siku ile ile. Pascasie alikuwa anajaza karatasi.

"Nyumbani iko nani, tukihitaji kuulizia?"

"Hakuna mutu."

"Sasa niandike nani?"

"Andika Mwanahamisi."

Pascasie aliandika. Nao wakaketi kwenye benchi, wakangoja zamu yao.