Ndege ya Balta Isiyomtafuta Mtu

Leo asubuhi niliona upepo umetulia, nikavaa viatu nimfuate Balta. Siku nzuri ya kurusha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake nilipokumbuka kwamba tumemzika.

Ndugu zangu wa kambi ya Nakivale na ninyi mliotawanyika mbali, wengi wenu mlimjua Balthazar kama fundi redio wa Rwekubo, mtu wa Fizi kule Kongo, mcheshi. Presha ilimwangusha, tukamkimbiza Mbarara, akarudi amefunikwa shuka. Mimi nataka kuwaeleza habari ya ndege yake.

Ilikuwa ndege ya kuchezea, lakini kubwa: mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine, mapana kuliko kitanda changu. Mzungu mmoja wa Kamukuzi, mjini Mbarara, aliyekuwa akirudi kwao alimwachia, imevunjika mkia, kwa shukrani ya kutengenezewa jenereta.

Tuliifunga juu ya taksi pale Mbarara. Kondakta akacheka mpaka akashika tumbo. "Mzee, kama hii iko ndege, si ipae tu, tukutane Rwekubo?"

Siku ya kwanza iliporuka ilikuwa na injini ya petroli. Balta aliipitisha juu ya mashamba, na ule mngurumo ukashuka juu yetu.

Mama Zawadi, jirani yetu, alimwangusha mjukuu wake katikati ya maharagwe, akamlalia. Hakupiga kelele. Alifanya upesi, kama mtu anayeijua kazi.

Balta aliishusha, akaenda kumwomba radhi. Mama Zawadi alikuwa anajikung'uta udongo. "Si kosa yako, Baba. Miye nilishafika Uganda zamani. Masikio ndiyo ingali kule."

Jioni ileile aling'oa injini. Nilimwambia aiweke ndege yote kando. Akanijibu: "Mwalimu, yule mama kila ndege aliyoiona kule vitani ilikuwa inamtafuta mtu. Nataka aone moja isiyomtafuta mtu."

Akatia mota ya umeme isiyonguruma, na betri alizoziunga mwenyewe kutoka kwenye pikipiki za umeme zilizokufa. Lakini mota ni nyepesi kuliko injini, kwa hiyo pua ikawa nyepesi na mkia mzito. Kila kitu tulichofanya baadaye kilitokana na huruma ile.

Tuliipima kwa vidole, mmoja kila upande, tukiinua bawa la juu na kungoja pua iiname kidogo tu. Akasogeza betri mbele. Tukainua tena.

"Unaisukuma, Mwalimu."

"Siisukumi."

"Basi ni pumzi yako. Shika fasi ileile, na usipumue. Kwanza ulikula nini?"

Nyuma ya mota alipachika washa nyembamba, kile kipete bapa cha chuma, ili mota iangalie chini kidogo na kulia kidogo. Bawa moja likafunguliwa na kushonwa upya. Aliivumilia ndege ile kuliko alivyonivumilia mimi.

Ikabaki kasoro moja. Angani, ukiachia vijiti vya rimoti, ilikuwa inapinda kushoto, polepole, kuelekea machweo. Watu wakasema inataka kurudi Kongo. "Haina movement permit ya kutoka kambini," Balta akasema. "Itarudi tu."

Dawa yake ni vitufe vidogo vya trim, pembeni mwa vijiti. Ukibonyeza, rimoti inalia *ti*, na usukani unahama unywele mmoja. Ti, anarusha, anatazama. Ti, anarusha tena. "Siku itakapokwenda yenyewe, mikono yangu iko mfukoni, ndiyo nitamwita Mama Zawadi."

Hakuiona siku hiyo.

Wakati wa kilio, ndege ilining'inia darini, juu ya wanaume waliokaa. Mlango ukifunguliwa, propela inazunguka nusu, inasimama. Hakuna aliyetaka kukaa chini yake. Nilikaa mimi.

Siku ya kumaliza kilio mjane wake aliniletea rimoti. "Irushe, Mwalimu. Imechoka kututazama."

Ikapaa bila sauti. Nilipoachia vijiti, ikapinda kushoto, vilevile kama alivyoiacha. Kidole changu kikafika kwenye kitufe, kikagoma.

Rimoti ile inakumbuka. Pale trim iliposimama ndipo kidole cha Balta kiliposimama mara ya mwisho. Nikibonyeza, nimepafuta.

"Mwalimu, mbona unalia na ndege iko juu?" Mama Zawadi alikuwa nyuma yangu. Sikujua kwamba amekuja.

Nikamweleza.

"Kidole yake ilikuwa inaenda wapi?"

"Kulia."

"Basi isindikize."

Ti. Ikapinda bado, kidogo. Ti.

Ikanyooka.

Niliiacha rimoti ining'inie shingoni kwa mkanda wake, nikatia mikono mfukoni. Ndege ikaja juu ya mashamba, ikapita juu ya vichwa vyetu, kivuli chake kikamgusa Mama Zawadi begani. Alibaki amesimama. Aliinua uso, akaifuata kwa macho mpaka shingo ikapinda.

"Sasa nani anaiendesha?" akauliza.

Nilitaka kumwambia ni mizani, ni washa, ni trim. Haya yote ni kweli, nayajua moja moja. Lakini mikono yangu ilikuwa mfukoni, na ndege ilikuwa inakwenda sawasawa kama mtu anayejua njia ya kwao.

Balta, Mama Zawadi aliitazama. Alisimama wima, akaitazama mpaka nilipoishusha.

Rimoti nimeizima, na vile vitufe havitaguswa tena. Pumzika, ndugu yangu. Juu ya mashamba kumenyamaza.